Kinga ya Mwili Haiongezwi, Hufundishwa

Mtu apitaye katika kituo cha mabasi cha Msamvu, au azungukaye pembeni mwa Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa mjini Morogoro, si ajabu akutane na muuzaji aliyebeba chupa, vidonge au unga wa majani, akitangaza kwamba dawa yake "huongeza kinga ya mwili". Wanunuzi hawakosekani. Neno hilo kinga limeingia katika mazungumzo ya kila nyumba tangu ulipozuka ugonjwa ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ambao tuliupa jina la Upungufu wa Kinga Mwilini, yaani UKIMWI. Tangu hapo kila mwananchi anajua kwamba mwili usio na kinga hauishi. Kutokana na ukweli huo wengi wamefikia uamuzi mwepesi: ikiwa upungufu wa kinga ni mauti, basi wingi wake ni uzima.

Uamuzi huo una kasoro, na yafaa tuuchunguze kwa makini. Ndani yake limejificha swali ambalo wataalamu wamelibishania kwa zaidi ya miaka 100: kinga ya mwili ipo kwa kazi gani hasa, nayo ilitoka wapi? Pengine msomaji atadhani huo ni ubishi wa wasomi wasiokuwa na shughuli. La hasha. Jibu lake ndilo linaloamua mtoto apewe dawa gani, kwa wakati gani, na kwa kipimo gani. Na sehemu kubwa ya ushahidi ilipatikana hapa hapa mkoani kwetu, katika bonde la Kilombero.

Lugha yetu yatupa njia nzuri ya kuliingilia swali hili. Mtu hukinga pigo kwa mkono, au hujikinga jua kwa mwavuli. Hapo kukinga ni kuzuia. Lakini mvua inaponyesha, mama huweka ndoo chini ya bati akakinga maji. Hapo kukinga ni kupokea. Tena kinga ni ukuni uwakao moto, na ndiyo maana wahenga walinena kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hatudai kwamba wahenga walikuwa na elimu ya chembe za damu. Twasema tu kwamba mambo hayo matatu, kuzuia, kupokea na kuwaka, ndiyo hasa yaliyowagawa wataalamu katika ubishi wao.

KUZUIA

Maoni ya kwanza, na ndiyo yaliyoenea kuliko yote, ni kwamba kinga ni jeshi. Maoni hayo yana historia ya heshima. Mwishoni mwa mwaka 1882, katika mji wa Messina kisiwani Sicily, mtaalamu wa Kirusi Ilya Metchnikoff alichukua watoto wachanga wa kiti cha pweza, mnyama wa baharini ambaye wavuvi wetu wa pwani wanamfahamu vyema, akawachoma kwa miiba. Miili ya watoto hao ni myangavu kama kioo, hata jicho laweza kutazama ndani kwa msaada wa hadubini. Asubuhi yake aliona chembe zitembeazo zimeuzingira kila mwiba. Akakata shauri kwamba chembe zile ni walinzi, na kwamba ndizo humeza vijidudu viletavyo maradhi. Mjerumani Paul Ehrlich, kwa upande wake, alishikilia kwamba ulinzi umo katika maji ya damu, katika vitu ambavyo leo twaviita kingamwili. Mwaka 1908 wote wawili walitunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel, na baadaye ikadhihirika kwamba kila mmoja alikuwa ameshika upande mmoja wa ukweli.

Kisha Mwaustralia Frank Macfarlane Burnet akaifupisha nadharia hiyo: kazi ya kinga ni kupambanua kilicho cha mwili na kisicho cha mwili, na kukiangamiza kisicho chake. Vizazi vya madaktari vilisoma hivyo.

Wafugaji wa kuku wa Morogoro wanao ushahidi wa jambo hili katika mabanda yao. Karibu na tundu la haja la kifaranga pana kifuko kidogo kiitwacho bursa ya Fabricius. Kwa muda mrefu kazi yake haikujulikana, mpaka mwaka 1956 watafiti wa Marekani walipoonyesha kwamba kifaranga aliyeondolewa kifuko hicho hushindwa kutengeneza kingamwili za kutosha. Virusi vya ugonjwa wa Gumboro hushambulia kifuko hicho hicho. Kwa hiyo kifaranga aliyenusurika na Gumboro aweza kufa kwa maradhi mengine, na hata chanjo ya mdondo yaweza isimshike sawasawa. Chembe za damu zitengenezazo kingamwili katika miili yetu huitwa chembe za B, na herufi hiyo yatokana na bursa ya kuku, ijapokuwa sisi wanadamu hatuna kifuko hicho, na za kwetu hutengenezwa katika uboho wa mifupa.

Hapana ubishi, basi, kwamba kinga huzuia. Lakini je, hiyo ndiyo kazi yake yote? Tutazame kifua kikuu. Yakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamekwisha kuambukizwa bakteria wa ugonjwa huo, lakini kati yao ni asilimia 5 hadi 10 tu ambao huugua katika maisha yao. Kwa waliobaki, chembe za kinga humzingira bakteria kwa uzio na kuishi naye, mara nyingi hadi mwisho wa umri. Hapa Morogoro shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, limewafundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua wagonjwa ambao hadubini iliwapita. Wagonjwa ambao panya hao huwatafuta ni wale ambao uzio wao umebomoka. Jeshi ambalo kazi yake ni kuangamiza tu lisingekaa na adui namna hiyo kwa miaka 40.

ASILI YAKE

Kabla ya kuendelea, yatupasa tuulize kinga ilianzia wapi, maana kitu ambacho hakikuundwa na fundi mmoja kwa kazi moja hakiwezi kuwa na kazi moja. Viumbe vilibadilika kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, na katika mageuko hayo kila kiungo kipya kilijengwa kwa miti ya nyumba kuukuu.

Amiba, kiumbe cha chembe moja, humeza bakteria kwa sababu ana njaa. Viumbe vilipopata miili mikubwa yenye matumbo ya kusagia chakula, kazi ya kumeza kwa ajili ya lishe ilihamia tumboni. Lakini baadhi ya chembe ziliendelea kutembea mwilini zikimeza mizoga ya chembe zilizokufa na wageni waliopenya. Metchnikoff mwenyewe alilifikia wazo hilo kwa kuchunguza jinsi wanyama wadogo wanavyokula. Kwa maneno mengine, mlinzi wa kwanza alikuwa mlaji na mfagiaji.

Kinga yenye kumbukumbu, ile inayotumiwa na chanjo, ilikuja baadaye sana. Papa na taa wanayo, nasi tunayo, kwa kuwa sote tumetokana na samaki wenye taya walioishi yapata miaka milioni 500 iliyopita. Siri yake ni uwezo wa chembe za kinga kuzikata jeni zao na kuziunga upya kwa namna nyingi mno, ili ipatikane kingamwili ya kufaa karibu kila mgeni. Mkasi unaofanya kazi hiyo ulitoka wapi? Mwaka 1998 watafiti walionyesha katika maabara kwamba mkasi huo bado waweza kufanya kama zile jeni zirukazo, ambazo hujichomeka ovyo katika urithi wa viumbe wengine bila kukaribishwa. Yaelekea, basi, kwamba zamani mvamizi mmoja aliingia katika urithi wa mababu wa samaki, akafugwa, na leo ndiye fundi wa ulinzi wetu. Mwizi aligeuka mlinzi.

KUPOKEA

Hapa ndipo yanapoingia maoni ya pili. Mwilini mwa mtu mzima mnakadiriwa kuwa na bakteria wapatao trilioni 38, na wengi wao wako tumboni. Hao si wa mwili kwa maana ya Burnet, wala hawaangamizwi. Mwaka 2007 mtaalamu wa Kimarekani Margaret McFall-Ngai alitoa hoja iliyowashtua wengi. Wadudu, kaa na konokono hawana kinga yenye kumbukumbu kama yetu, na bado wameijaza dunia. Kama kumbukumbu hiyo ni ya vita tu, mbona hao wanaishi bila kuwa nayo? Alipendekeza kwamba wanyama wenye uti wa mgongo waliihitaji kumbukumbu hasa kwa sababu hukaa na jamii kubwa ya bakteria wenye manufaa, nao hawana budi kuwatambua na kuwatunza.

Wapinzani hawakukubali upesi. Wako wanaosema kwamba samaki walipopata taya walianza kula windo gumu lenye mifupa na magamba, matumbo yao yakajeruhiwa mara kwa mara, na majeraha yakahitaji ulinzi bora. Ubishi huo haujaisha. Hata hivyo, hakuna tena mtaalamu wa kutegemewa anayekana kwamba kupokea ni sehemu ya kazi ya kinga.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni mama mjamzito. Mwaka 1953 Mwingereza Peter Medawar aliuliza swali ambalo linasumbua hadi leo: nusu ya urithi wa mtoto aliye tumboni umetoka kwa baba, kwa hiyo ni mgeni; yawaje mwili wa mama usimtupe? Mtoto akiisha kuzaliwa, mama humpa dang'a, yale maziwa mazito ya siku za mwanzo ambayo yamejaa kingamwili. Katika maziwa ya mama mna pia aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Hizo ni chakula cha bakteria wema wa tumboni mwake. Tendo moja la kunyonyesha humzuia adui na kumkaribisha rafiki.

KUWAKA

Maoni ya tatu yanatuonya juu ya moto. Mwaka 1994 Polly Matzinger, naye wa Marekani, alisema kwamba kinga haiulizi sana kama aliyeingia ni mgeni au mwenyeji. Huuliza kama kuna kilichobomoka. Ikisikia kwamba chembe za mwili zinapasuka, ndipo huwasha moto. Tukiugua malaria, homa tunayoisikia huwashwa na mwili wetu wenyewe, pindi vimelea vinapozipasua chembe nyekundu za damu. Moto huo ukiwa wa kadiri, husaidia. Ukizidi, huiunguza nyumba iliyokuwa ikilindwa.

Wakati wa janga la korona tuliliona jambo hilo waziwazi. Mwezi Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakipumulia mashine. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa wakiunguzwa na kinga iliyowaka kupita kiasi. Pumu, mzio na kisukari cha utotoni nayo ni maradhi ambayo kinga huwaka mahali isipotakiwa. Ndiyo sababu Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2025 walipewa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa utafiti wao juu ya chembe ambazo kazi yake ni kuizuia kinga isiushambulie mwili wenyewe.

Tena kila kinga ina gharama. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1949, na mwaka 1954 akaonyesha kwamba mtu aliyerithi jeni moja ya selimundu hupata nafuu kubwa dhidi ya malaria. Nafuu hiyo hulipiwa na mtoto anayerithi jeni hizo kutoka kwa wazazi wote wawili, ambaye huishi na maumivu na upungufu wa damu. Mageuko hayakuchagua ukamilifu. Yalichagua hasara iliyo ndogo kuliko nyingine.

SOMO LA IFAKARA

Sasa tuyapime maoni hayo matatu kwa yaliyotokea Kilombero. Katika miaka ya 1990 mkazi wa vijiji vingi vya bonde lile aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mamia ya mara kwa mwaka. Watoto wadogo walikufa, lakini watu wazima wengi walitembea shambani na vimelea vikiwa damuni mwao bila kuugua. Kinga yao ilikuwa imejifunza kuzuia kiasi, kuvumilia kiasi, na kutowaka bure. Mtu aliyekulia Mgeta, juu katika milima ya Uluguru, ambako baridi huchelewesha kukomaa kwa vimelea ndani ya mbu, akishuka bondeni huugua vikali kuliko mwenyeji. Si kwamba mwili wake ni dhaifu. Hakuhudhuria darasa lile.

Ndipo lilipozuka swali zito. Ikiwa kinga ya malaria hupatikana kwa kuumwa na mbu, je, tukimlinda mtoto mchanga kabisa hatumnyimi masomo yake? Watafiti wa Ifakara walilipima swali hilo badala ya kulibishania. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, watoto wachanga walipewa dawa ya kuzuia malaria kila wiki. Walipokuwa wakiitumia, malaria ilipungua kwa zaidi ya nusu. Lakini dawa iliposimamishwa, watoto hao waliugua malaria na upungufu mkubwa wa damu kuliko wenzao ambao hawakuipata. Walikuwa wamelindwa bila kufundishwa.

Wakajaribu njia nyingine. Watoto walipewa dawa ya SP mara tatu tu, walipoletwa kliniki kwa chanjo zao za kawaida. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba malaria ilipungua kwa asilimia 59 katika mwaka wa kwanza, na upungufu mkubwa wa damu ukapungua kwa nusu. Tena safari hii hapakuwa na marudio ya ugonjwa baadaye. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba vimelea vichache viliachwa vipite, na kinga ikapata nafasi ya kusoma pasipo mtoto kuhatarishwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu huo kwa nchi za Afrika zenye malaria nyingi.

Vyandarua navyo viliwekwa katika mizani hiyo hiyo. Wako waliohofu kwamba chandarua kitaahirisha kifo tu, kwa kuwa kitachelewesha kinga. Utafiti wa Kilombero na Ulanga, ambao matokeo yake nayo yalitolewa mwaka 2001, ulijibu kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Chandarua hupunguza idadi ya mbu wamfikiao mtoto, nao wachache wanaopenya hutosha kumfundisha. Hakuna sababu, basi, ya mzazi yeyote kumlaza mwanawe nje ya chandarua kwa kisingizio cha kumkomaza.

Hatua iliyofuata ni kutafuta mwalimu asiye na hatari, yaani chanjo. Ifakara ilishiriki mapema: mwaka 1994 chanjo ya SPf66, iliyobuniwa Kolombia, ilionekana huko kupunguza malaria kwa asilimia 31 kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5, ingawa majaribio ya mahali pengine hayakuthibitisha nafuu hiyo. Bagamoyo na Korogwe walishiriki baadaye katika majaribio ya chanjo ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwezi Oktoba 2021, na miaka miwili baadaye likapendekeza ya R21. Chanjo hizo hazizuii malaria yote, na tumekwisha kuona sababu: kimelea kilichoishi na binadamu kwa maelfu ya miaka nacho kimejifunza.

Turudi kwa muuzaji wa Msamvu. Hatusemi kwamba kila jani ni bure. Mlonge ni mboga nzuri, na mwenye kula vizuri huipa kinga yake nguvu ya kufanya kazi. Tunachosema ni kwamba anayeahidi kuongeza kinga haelewi anachokiuza. Aongeze ipi? Ile izuiayo, ile ipokeayo, au ile iwakayo? Mwenye pumu hahitaji moto zaidi. Mama mjamzito hahitaji mwili umkatae mwanawe. Na yule ambaye kweli amepungukiwa, kwa kuwa virusi vya UKIMWI vinaziua chembe zake, tiba yake ni dawa za kufubaza virusi zitolewazo bila malipo katika vituo vya afya. Akiziacha kwa ajili ya chupa ya barabarani, anauza uhai wake kwa fedha yake mwenyewe.

Kinga ni urithi wa kale uliojengwa kwa mlaji, mfagiaji na mwizi aliyegeuka mlinzi. Hajatokea mtaalamu aliyeweza kuutajia kazi moja, na huenda hatatokea. Lakini tunajua jinsi unavyonufaika: kwa dang'a la mama, kwa chakula cha kutosha, kwa chandarua, na kwa chanjo zinazotolewa kwa ratiba yake. Kadi ya kliniki iliyo mikononi mwa kila mzazi ndiyo daftari la shule hiyo. Wazazi wa Morogoro na wahakikishe kwamba hakuna ukurasa wake unaoachwa mtupu.